Kitabu Kisicho na Mwalimu

Kusoma kwa siri, yaani kitendo cha mtoto kukisoma kitabu alichokatazwa na mzazi, mwalimu au kiongozi wa dini, ni jambo ambalo historia ya elimu nchini Tanzania hulipita kimyakimya, ingawa kwa watu wengi waliojua kusoma kati ya miaka ya 1960 na 1990 huko ndiko mazoea yao ya kusoma yalikoanzia. Shule iliwapa herufi, silabi na maswali ya ufahamu. Hamu ya kufunua ukurasa wa pili bila kushurutishwa na mtu waliipata kwingine, mara nyingi katika kitabu kilichong'oka jalada, kilichopita mikononi mwa watu wengi, na ambacho kama kingeonekana kingeishia jikoni kuwashia moto. Mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma unafaa kutazamwa kwa karibu katika jambo hili, kwa kuwa hapo zilikutana mamlaka tatu zilizokuwa na desturi ya kuamua nani asome nini: masheikh wa Ujiji, mapadri wa misheni na serikali ya ujamaa, na kila moja ilikuwa na sababu zake ambazo hazistahili kubezwa.

Mwandiga ni mji mdogo katika Wilaya ya Kigoma, si mbali na mji wa Kigoma, na ndipo inapoanzia barabara ya kwenda Manyovu, mpakani mwa Burundi. Wenyeji wake wengi ni Waha, na katika nyumba nyingi Kiha ndicho kilichokuwa lugha ya jikoni na ya shambani, ilhali Kiswahili kilikuwa cha sokoni, cha shuleni na cha mkutano wa kijiji. Vitabu vya hadithi havikuzaliwa hapo. Vilitoka Dar es Salaam na Nairobi, vikasafiri kwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914 baada ya kukata zaidi ya kilometa 1,200 kutoka pwani, vikiwa ndani ya masanduku ya watumishi waliohamishwa, wafanyakazi wa reli, askari waliorudi likizo na vijana waliokwenda mjini kutafuta kazi. Kwa hiyo kitabu kilipofika Mwandiga kilikuwa kitu adimu na kilikuwa na mwenyewe anayejulikana, na mwenyewe huyo kwa kawaida alikuwa kaka, mjomba au binamu, wala hakuwa mwalimu.

Katazo la zamani zaidi katika eneo hilo halikuhusu hadithi za mapenzi hata kidogo. Ujiji, mji ambao biashara ya misafara ya karne ya 19 iliuunganisha na Tabora, Bagamoyo na Zanzibar, ulikuwa na vyuo vya Kurani kabla ya kuwa na shule ya serikali, na baadaye tarika ya Kadiria, yaani njia ya kisufi inayojinasibisha na Sheikh Abdulkadir Jailani wa Baghdad, ikajenga mizizi humo. Katika elimu ya namna hiyo kitabu hakisomwi ovyo. Mwanafunzi hukaa mbele ya mwalimu, husoma kwa sauti, hurekebishwa, na akimaliza hupewa ijaza, ambayo ni idhini ya mwalimu kwamba huyu sasa anaweza kukisoma kitabu hiki na kuwafundisha wengine, na ambayo mwalimu mwenyewe aliipata kwa mwalimu wake. Vitabu vilivyolindwa kuliko vyote vilikuwa vya falaki, elimu inayohusisha nyota na mambo ya binadamu, na vya siri za herufi na majina, kama vile vinavyonasibishwa na Abu Maashari, mnajimu wa karne ya 9, au Shamsul Maarif cha Ahmad al-Buni, mwanachuoni aliyefariki katika karne ya 13. Watoto waliambiwa kwamba anayekifungua kitabu cha namna hiyo bila mwalimu atarukwa na akili. Katazo hilo lilimhusu hata mtu mzima ambaye hakuwa na ijaza, na ndiyo maana kitabu kiliwekwa juu ya kabati, kimefungwa kwa kitambaa, mahali ambapo kila mtoto wa nyumba alipajua.

Upande wa pili wa mji mambo hayakuwa tofauti sana. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879, na Kanisa lao lilikuja likiwa na chombo ambacho wakati huo kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 300: Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, iliyotolewa Roma kwa mara ya kwanza mwaka 1559 na kuondolewa nguvu yake ya kisheria mwaka 1966. Vitabu vya dini vilivyoruhusiwa vilibeba katika kurasa za mwanzo neno la Kilatini Imprimatur, ambalo ni kibali cha askofu kwamba kitabu kichapwe. Mtoto wa misheni hakuhitaji kuiona orodha yenyewe ili kuujua uzito wake, kwa kuwa padri au mkuu wa bweni alikuwa ndiye orodha. Ajabu ni kwamba kitabu kilichosomwa kwa siri kuliko vyote katika shule za namna hiyo kilikuwa na vibali vyote: wanafunzi waliopewa Biblia na kuambiwa wasome Injili walikifikia mapema Wimbo Ulio Bora, na hakuna mlezi aliyeweza kumpiga mtoto kwa kosa la kusoma Maandiko Matakatifu. Kitabu cha baiolojia kilipata bahati hiyohiyo, na mkutubi yeyote wa shule ya sekondari anajua ni sura ipi ambayo kingo za karatasi zake zimechakaa na kuwa nyeusi.

Mtu akiyaweka makatazo hayo mawili pamoja ataona kwamba maarifa yenyewe hayakuwa yamefichwa. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za ibada, mtoto wa chuoni alifundishwa waziwazi habari za hedhi, janaba na tohara, kwa sababu hawezi kusali bila kuzijua. Katika jamii za Waswahili msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, mwanamke mzima aliyepewa kazi ya kumfunza mambo ya mwili na ya unyumba, na mafunzo hayo yalisema mambo ambayo hakuna mwandishi wa riwaya aliyethubutu kuyaandika. Kilichokatazwa ni kuyapata maarifa hayo kabla ya wakati na pasipo mtu wa kuyaeleza. Mafunzo ya jando, ya unyago, ya chuoni na ya katekesi yalikuwa na mlango, na mlangoni alisimama mtu mzima aliyemjua mtoto kwa jina. Kitabu kilichopigwa chapa hakina mlango wa namna hiyo. Humwambia kila ajuaye kusoma jambo lilelile kwa maneno yaleyale, awe na miaka 40 au 11, na hakina jicho la kuona kwamba msomaji wake ameshtuka. Wazee waliokichukia walikuwa wameelewa jambo la kweli kuhusu maandishi, hata kama njia waliyoichagua, ya kunyang'anya na kuchapa, haikuwatosha.

Serikali ya kikoloni nayo iliweka mlinzi wake. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili katika Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, ilipewa pia kazi ya kupitia miswada na kuidhinisha vitabu vya shule. Hadithi za Alfu Lela U Lela, ambazo katika Kiarabu zimejaa mambo ya faragha, ziliwafikia watoto wa shule zikiwa zimepunguzwa na kusafishwa. Kizazi kizima kilijifunza kwamba kitabu halali ni kile chenye muhuri, na fikra hiyo ilivuka Uhuru bila kutikisika. Hata leo kitabu cha kutumika darasani Tanzania kinahitaji ithibati, yaani uthibitisho wa ubora, wa Taasisi ya Elimu Tanzania.

Mambo yalibadilika kwa kishindo pale idadi ya wanaojua kusoma ilipoongezeka. Mwaka 1967, kwa takwimu za serikali, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha mpango wa kumwandikisha kila mtoto shule ya msingi ifikapo 1977, na kufikia 1986 ilitangazwa kuwa wasiojua kusoma walikuwa chini ya 10 katika kila 100. Nyuma ya tarakimu hizo kulikuwa na hali ya pekee ndani ya nyumba. Mzazi na mtoto walikuwa wakijifunza kusoma katika miaka ileile, mtoto asubuhi darasani, mzazi jioni chini ya mti au katika darasa hilohilo, na mtoto alikuwa akimtangulia mzazi. Yeye ndiye aliyeitwa kusoma barua ya ndugu aliye Dodoma au Mpanda, yeye ndiye aliyesoma maandishi ya pembejeo na ya dawa. Mamlaka ya kumkataza kitabu yakabaki kwa mtu ambaye hakuweza kukisoma kwa wepesi, ambaye kwa hiyo alihukumu kwa alichokiona: picha ya jalada.

Picha hizo hazikuwasaidia waandishi. Riwaya za upelelezi na mapenzi za miaka ya 1970 na 1980 zilitoka na majalada yenye mwanamume mwenye bastola, mwanamke aliyevaa nguo fupi, chupa, gari au damu, na wahakiki wa vyuo vikuu waliziita fasihi pendwa, maana yake maandishi yanayopendwa na umma kwa ajili ya burudani, neno ambalo vinywani mwa baadhi yao lilikuwa na dharau ndani yake. Faraji Katalambula alikuwa amefungua njia kwa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akafuata kwa Kufa na Kupona mwaka 1974, akamleta jasusi Willy Gamba ambaye vijana walimjua kama walivyowajua wachezaji wa mpira. Kisha akaja mtu wa nyumbani. Ben Mtobwa, aliyezaliwa mkoani Kigoma mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, alimuumba Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea anayependa anasa na hatari, na mwaka 1990 akatoa Dar es Salaam Usiku, riwaya inayotembea katika baa na madanguro ya jiji bila kugeuza uso. Kando ya hao kulikuwa na vitabu vya Kiingereza vya James Hadley Chase, ambavyo wanafunzi wa sekondari waliviazimana kwa kisingizio cha kuboresha lugha, na jarida la vikatuni la Sani, lenye akina Ndumilakuwili na Lodilofa, ambalo lilifichwa ndani ya daftari kirahisi kuliko riwaya yoyote.

Ni vyema kusema wazi kwamba si kila katazo lilihusu maadili. Katika nyumba nyingi za Mwandiga, kama za vijijini kwingine nchini, hadithi ilikatazwa kwa sababu ilikula muda wa kazi. Mtoto alikuwa na maji ya kuteka, kuni za kutafuta, shamba la mihogo na maharage la kupalilia, na katika msimu wa mawese kulikuwa na ngazi, yaani mikungu ya mchikichi, za kubeba na chikichi za kupukuchua. Kitabu cha shule kilieleweka, kwa kuwa kilikuwa na mtihani mbele yake na mtihani ulikuwa na ajira mbele yake. Kitabu kisichoulizwa na mtihani kilikuwa uvivu uliovikwa nguo ya elimu, na mtoto aliyekutwa nacho chini ya mchikichi, ndoo ikiwa tupu kando yake, alichapwa kwa sababu ya ndoo.

Mbinu za kusoma kwa siri zilifuata vitu vilivyokuwepo nyumbani. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kuvalisha vitabu na madaftari yao kava la gazeti ili yasichakae, na gazeti lilelile la Uhuru au Mzalendo lililokinga kitabu cha Siasa liliweza kuifunika riwaya ikaonekana nayo ni kitabu cha Siasa. Shule za bweni zilikuwa na prepu, yaani kipindi cha kujisomea usiku chini ya uangalizi, ambapo atlasi kubwa iliyosimamishwa mezani ilitosha kukificha kitabu kidogo cha kurasa 150. Nyumbani tatizo lilikuwa mwanga. Umeme haukuwa kitu cha kutegemewa katika sehemu nyingi za mkoa huo, na baada ya wazazi kulala kilichobaki ni kibatari, taa ndogo ya kopo yenye utambi wa pamba inayotumia mafuta ya taa. Kibatari kilikuwa msaliti kwa njia mbili. Kiwango cha mafuta kilishuka, na mama aliyeyanunua kwa kipimo cha kikombe alijua asubuhi kwamba yamepungua kuliko alivyoyaacha. Na moshi wake mweusi, ukivutwa kwa saa mbili au tatu na mtu aliyeinamia karatasi kwa karibu ndani ya chandarua, uliacha masizi puani, hivi kwamba msomaji alipopenga kamasi alfajiri alijitoa mwenyewe. Wenye tochi walikuwa salama zaidi mpaka betri zilipoanza kufifia, na hapo ziliwekwa juani mchana kutwa ili zirudishe nguvu kidogo, jambo ambalo nalo lilizua swali kwa nini tochi ambayo haikutumika imekwisha.

Usomaji huo haukuwa wa mtu mmoja mmoja kama jina lake linavyodokeza. Kitabu kimoja kiliweza kuhudumia darasa zima, kikikaa kwa kila mtu usiku mmoja au miwili, na foleni yake iliheshimiwa kwa ukali kuliko foleni ya bomba la maji. Aliyechelewa kukirudisha alikosa zamu iliyofuata. Karatasi za mwisho zilikuwa za kwanza kupotea, na hivyo wako watu wazima leo ambao hawajui muuaji alikuwa nani katika riwaya waliyoipenda kuliko zote, au wanaujua mwisho uliosimuliwa na rafiki ambaye naye huenda aliutunga. Waliokuwa na sauti nzuri walisomea wenzao, wasiojua kusoma vizuri wakiwemo. Kwa njia hiyo Kiswahili cha mitaani cha Dar es Salaam, pamoja na majina ya Kariakoo, Kinondoni na Oysterbay, kilifika kwa watoto wa kando ya ziwa ambao walikuwa hawajapanda garimoshi hata mara moja, na hapana shaka kwamba insha zao za darasa la saba zilinufaika, ingawa hakuna mwalimu aliyeelezwa chanzo.

Wasichana walikuwa na mlinzi mwingine juu ya walinzi wote. Msichana wa shule aliyepata mimba alifukuzwa, na mlango wa kurudi katika shule za kawaida ulifunguliwa rasmi Novemba 2021 tu. Mzazi aliyemkuta binti yake na kitabu cha mapenzi hakuwaza juu ya fasihi; aliwaza juu ya ada, miaka ya kujinyima, na uwezekano wa vyote kupotea katika muhula mmoja. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Swali ni kama kitabu ndicho kilichostahili kuogopwa, na mtu aliyelijibu swali hilo kwa ukamilifu kuliko wote ni mwandishi ambaye kitabu chake chenyewe kiliingia katika katazo.

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alipitia seminari kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Jina lenyewe lilitosha kuwashtua Wakatoliki, kwa kuwa ni sifa ya Bikira Maria katika litania, yaani sala ya mfululizo wa sifa na maombi, nalo hapa limepewa msichana anayeanguka. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali ambaye humpiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana na kumfungia njia zote za kuwajua wanaume, pasipo yeye wala mtu mwingine kumweleza chochote. Alipotoka mikononi mwa baba na kuingia katika dunia ya shule, chuo na wakubwa wenye fedha, hakuwa na kinga yoyote, akaporomoka hatua kwa hatua mpaka akajiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa sababu kilieleza waziwazi mahusiano ya kimwili na utoaji mimba, na ni dhahiri kwamba waliokipiga marufuku walikisoma kama orodha ya dhambi. Anayekisoma mpaka mwisho anaona kwamba ni shtaka dhidi ya malezi ya kukataza bila kufunza, na kwamba msemo wa wahenga kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu umegeuzwa pale kuwa hati ya kumshtaki mzazi. Walimu wakakifanyia kitabu kile ambacho Zakaria alimfanyia Rosa, na wanafunzi wakakisoma mabwenini bila mtu wa kukijadili nao.

Serikali za wakati huo zilikuwa na mkono mwepesi katika mambo haya. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya David Maillu, Mkenya aliyekuwa akijichapishia vijitabu vya bei nafuu kuhusu pombe na uzinzi wa makarani wa Nairobi, na katazo lilikwenda sambamba na siasa ya kulinda utamaduni wa taifa dhidi ya kilichoitwa uhuni wa mijini. Lakini si vyema kuliona jambo hili kama la Afrika peke yake. Mwaka 1960, London, kampuni ya Penguin ilishtakiwa kwa kuchapisha Lady Chatterley's Lover ya D. H. Lawrence, na mwendesha mashtaka akaliuliza jopo la raia 12 lililoketi kuamua kesi kama hicho ni kitabu ambacho wangependa hata wake zao au watumishi wao wakisome. Jopo likaiachia huru kampuni, na nakala zaidi ya milioni mbili zikauzwa kwa muda mfupi. Swali la mwendesha mashtaka yule lilikuwa lilelile la Ujiji na la misheni: yeye mwenyewe alikuwa amekisoma bila kudhurika; wasiwasi wake ulikuwa juu ya wasomaji asioweza kusimama karibu nao.

Muda ulivyokwenda hukumu zikageuka. Rosa Mistika iliruhusiwa, ikafundishwa, ikatungiwa maswali ya mtihani, na mwaka 2025 tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa na Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ikaingia katika masomo ya kidato cha tano na sita ikiwa na mapenzi yake yote ya Yasmin na Denge, na si neno dogo kwamba Denge huyo kazi yake katika Zanzibar ya kikoloni ni kuingiza na kusambaza maandishi yaliyopigwa marufuku na serikali. Kilichotokea baada ya hapo kinachekesha na kuhuzunisha. Vitabu hivyo vilipokuwa vya lazima, soko likajaa vijitabu vya uchambuzi vinavyoorodhesha dhamira, wahusika na mandhari, na wanafunzi wengi wakaona hakuna haja ya kuifungua riwaya yenyewe. Baba zao walichoma mafuta ya taa usiku ili kukisoma kitabu walichokatazwa; watoto hutafuta njia ya kukikwepa kitabu hichohicho walichoamriwa.

Makatazo hayajaisha. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuondolewa shuleni kwa vitabu 16, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na maadili ya Kitanzania. Vitabu vile ni vya Kiingereza na ni vya bei, hivyo vilihusu zaidi shule za kulipia za mijini, na mtoto wa shule ya kijiji kando ya barabara ya Manyovu kwa kawaida hakuwa amekiona hata kimoja. Chake yeye kimo katika simu. Humo mna chombezo, yaani simulizi za mapenzi za wazi zinazotolewa sehemu kwa sehemu katika makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, na mna picha na video ambazo haziwezi kulinganishwa na ukurasa wowote wa Mtobwa. Anayesema kwamba ni jambo lilelile la zamani limebadili sura tu anakosea. Riwaya iliyofichwa ndani ya atlasi ilimtaka mtoto asome kurasa 150, afuate sababu na matokeo, aone tapeli akikamatwa na mlevi akifilisika. Ilikuwa na mwandishi anayejulikana jina, na ilikuwa na foleni ya wenzake wa kubishana nao asubuhi. Video haimtaki kitu. Kuwachapa watoto wa leo kwa kusoma hadithi, hata iliyo hafifu, ni kuelekeza fimbo mahali pasipo.

Mzazi aliyesoma kwa siri utotoni ana faida ambayo mzazi wake hakuwa nayo: anajua kusoma, na anakijua kitabu. Anaweza kukaa na mtoto wa miaka 14 wakaisoma Rosa Mistika pamoja, na akamwambia kile ambacho Zakaria hakusema. Ili hilo liwezekane ni lazima kitabu kiwepo, na hapo pana upungufu wa kweli, kwa kuwa riwaya nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hazichapwi tena na maktaba hazikuwa zikizinunua wakati zilipokuwa zikidharauliwa. Nakala zilizosalia ziko majumbani, katika masanduku ya bati, juu ya dari na kwenye magunia ya vitu vya zamani, Mwandiga, Ujiji, Kasulu na kwingineko, nyingine bado zimevaa kava la gazeti la mwaka ziliposomwa. Wanaombwa wenye nazo wasizitupe wala kuziuza kwa wafunga maandazi. Wazipeleke katika maktaba ya mkoa au ya shule ya sekondari iliyo karibu, hata kama karatasi za mwisho hazipo, kwa sababu huenda nakala ya jirani ndiyo iliyobaki nazo.